Maua ya Kunukia Hayakuja na Mbelgiji

Hapa Mugunga, pembeni mwa Goma, ukionekana unachimbua mawe ya volkano ili upate shimo la kupandia asumini, hukosi mtu wa kukuambia: "Ile ni mambo ya bazungu." Mimi niliambiwa na mzee jirani ninayemheshimu sana, siku chukudu iliponiletea udongo mweusi. Hoja yake ilikuwa kwamba wazee wetu walipanda cha kula, na kwamba ua la kunusa lilianza kwenye majumba ya Wabelgiji kando ya Ziwa Kivu. Sikubishana naye pale pale. Nimeandika makala hii kumjibu, kwa kuwa dai lake limezoeleka na si la kweli.

Mbelgiji mwenyewe hatatuchukulia muda. Alichotuachia uani ni bogenvilia, mmea wa Amerika ya Kusini wenye rangi kali usiokuwa na harufu. Yeye alichagua maua kwa macho. Waliochagua kwa pua walikwisha kufika upande huu wa Kongo kabla yake.

Shahidi wangu ni adui yao. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza, alikuwa katika jeshi la Leopold II lililoingia Kasongo, huko Manyema, mwezi Aprili 1893, Waungwana, yaani Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, waliposhindwa vitani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1897, na wanaokisoma husoma habari za vita tu. Lakini anapofika Kasongo anasimama kutazama bustani: michungwa mitamu na michungwa michungu, mipera, mikomamanga, miembe. Mtu huyu alikuja kuuangusha mji, wala hakuwa na sababu ya kuupamba. Ndiyo maana namwamini.

Nitaambiwa: hayo ni matunda, maua yako wapi? Anayeuliza hivyo hajawahi kulala karibu na mchungwa uliochanua. Na huo mchungwa mchungu, ambao pwani unaitwa mdanzi, ndio unaonishikilia zaidi. Danzi halimenywi likaliwa kama chungwa. Ni la kukamulia na kutia katika vyakula. Ila ua lake lina harufu inayopita ya michungwa yote, na huko Morocco na Tunisia hukusanywa ili kutengeneza maji ya maua na manukato. Watu waliotembea zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani hadi Manyema hawakuubeba mti huo kwa ajili ya tumbo peke yake. Walitoka katika ulimwengu uleule wa Sayyida Salme, binti wa sultani, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, na ambaye katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 bado aliikumbuka kwa mapenzi michungwa ya utotoni, akiwa Ujerumani.

Bustani za Kasongo zilitegemea jasho la watumwa, wengi wao Wamanyema wenyewe. Silifichi hilo, na sina hamu ya kuwasafisha mabwana zao. Lakini mkono uliopanda na kumwagilia ulikuwa wa Mkongo, na ujuzi ulibaki mkononi humo baada ya mabwana kuondoka, kama lugha ya Kingwana ilivyobaki midomoni mwetu.

Huko pwani ua la harufu halikuwa pambo la kutazamwa dirishani. Huchumwa na kuvaliwa. Asumini hutungwa koja. Kikuba hufungwa kwa asumini, rehani, kilua na mkadi, kikabandikwa kifuani. Kiswahili chenyewe kimetenga kunuka na kunukia, herufi moja tu katikati. Hata sayansi imekopa kwetu: mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, alipoupa mkilua jina la kitaalamu, aliliacha neno la Waswahili kama lilivyo, ukawa Mkilua fragrans, ndugu wa mlangilangi na mstafeli.

Wapo pia wanaosema mimea hii yote ni ya kigeni, basi si yetu. Hoja hii sina subira nayo. Muhogo ulitoka Amerika, na hakuna anayeiita sombe ya majani yake chakula cha kigeni.

Narudi uani.

Kwa kiwanja kidogo cha Mugunga, mita kama 1,500 juu ya bahari, mkilua sikushauri: ni mti wa misitu ya pwani yenye joto. Anza na mdanzi au mlimau, uuchimbie shimo pana, utoe mawe, ujaze udongo na samadi. Panda mbuni mmoja au miwili. Mwaka 1713 Mfaransa Antoine de Jussieu aliuita mbuni asumini ya Uarabuni, na ukisimama shambani Minova baada ya mvua inayofunga kiangazi utaelewa kwa nini. Maua yale meupe hayadumu zaidi ya siku chache. Rehani iwe mlangoni, ibusu nguo za wapitao. Lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta linanukia vizuri jioni, lakini lina sumu tangu mzizi hadi mbegu. Penye watoto usilipande.

Asumini ina sharti lake hapa. Hufunguka jioni na kunukia usiku, nawe utataka kukaa karibu nayo saa hizo. Sasa kumbuka mazuku, neno letu jingine lililoingia katika vitabu vya wanasayansi wa volkano. Kati ya Goma na Sake, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na imeua watu na mifugo. Kwa hiyo asumini ipandwe mahali palipoinuka penye kupitisha upepo, kamwe isiwe bondeni, hata kama bondeni ndiko kwenye udongo.

Ombi langu ni moja. Historia ya bustani za Kasongo tumeachiwa na adui aliyekuja kuuangusha mji. Mwenye nyanya au babu mwenye asili ya Kasongo, Kabambare au Nyangwe amwulize sasa, angali hai, ni ua gani lilipandwa mlangoni kwao, na aliandike jina lake vilevile litakavyotamkwa.