Kolitisi ya vidonda

Kolitisi ya vidonda ni ugonjwa sugu ambamo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, kuanzia puru kwenda juu. Dalili zake, hasa kuhara damu na msokoto wa tumbo, huibuka na kutulia kwa vipindi. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kama Liuli, hufanana na za amiba na kichocho cha matumbo. Choo kipimwe kwanza, kwani mwenye amiba akipewa steroidi, dawa za kolitisi, zaweza kumuua. Steroidi huzima mlipuko, hazilindi utulivu. Kwa wengi utulivu hulindwa na mesalazini au sulfasalazini, ambayo daktari Nanna Svartz wa Uswidi alichapisha matokeo yake mwaka 1942. Dawa hizi hutumiwa hata mgonjwa anapojisikia mzima.