Maandamano na Mageuzi: Funzo la Leipzig, 1989

1. Utangulizi

Swali moja limewarudia mara nyingi wachungaji wetu tangu upepo wa mageuzi ulipoanza kuvuma: je, watu wanaotoka barabarani kuandamana waweza kubadili kweli utawala wa nchi? Wako wanaojibu upesi kwamba umma ukisimama hakuna dola iwezayo kuuzuia. Wengine husema kwamba maandamano huzaa vurugu tu, nao wakiisha kuitaja Warumi 13 huona neno limekwisha. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana haraka. Katika makala haya tunakusudia kulipima swali hili kwa kuutazama mji mmoja, Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mji huo si mgeni kwetu, kwa maana Misioni ya Leipzig ndiyo iliyotuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893.

2. Miaka saba ndani ya kuta

Wengi huanza kusimulia habari hii mwezi Oktoba 1989. Kumbe mwanzo wake ni mwaka 1982, katika kanisa la Nikolaikirche. Tangu mwaka huo sala za amani zilifanyika humo kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Mara nyingine waliohudhuria walikuwa wachache mno. Mchungaji wa usharika, Christian Führer, aliuacha mlango wazi kwa wote, hata kwa wasioamini. Katika nchi ambayo mikutano ya watu huru ilikatazwa, kanisa lilikuwa karibu mahali pekee ambapo mtu aliweza kusema kwa sauti yale aliyoyawaza kwa siri.

Mlango huo ulikuwa na gharama. Waliokuja hawakuwa wote watu wa ibada. Wengine walitafuta ruhusa ya kuhama nchi, wengine walitetea mazingira au haki za raia, na polisi wa siri waliketi katikati yao. Mwaka 1988 uongozi wa kanisa mjini uliviondolea vikundi hivyo uhuru wa kuziandaa sala hizo, jambo lililoleta uchungu na mabishano makali. Tusidhani, basi, kwamba kanisa lile lilikuwa na moyo mmoja. Lilivutwa huku na huku kati ya kuilinda nafasi lililoachiwa na serikali na kusimama pamoja na walioonewa.

3. Jioni ya tarehe 9 Oktoba

Mwaka 1989 mambo yalikwenda mbio. Mwezi Mei waangalizi, wengi wao wa vikundi vya makanisa, walifichua kwamba hesabu za uchaguzi wa serikali za mitaa zilikuwa za uongo. Mwezi Septemba Hungaria ilifungua mpaka wake na Austria, na maelfu wakakimbia. Tarehe 4 Septemba, baada ya sala, waliobaki walitoka na mabango. Tarehe 2 Oktoba waandamanaji walifika kama 20,000.

Ndipo ikaja Jumatatu ya tarehe 9. Siku tatu kabla yake, gazeti la mji lilikuwa limechapa barua ya kamanda wa wanamgambo aliyetishia kutumia silaha ikibidi. Hospitali ziliandaliwa kupokea majeruhi. Mamia ya wanachama wa chama tawala waliagizwa kwenda kujaza viti vya Nikolaikirche, nao wakaisikia Injili pamoja na wengine. Sala zilifanyika katika makanisa manne. Vipaza sauti vya mji vilitangaza wito wa utulivu uliotolewa na watu sita: kiongozi wa muziki Kurt Masur, mwanatheolojia mmoja, msanii mmoja wa vichekesho, na makatibu watatu wa chama tawala chenyewe.

Watu kama 70,000 walizunguka mji wakishika mishumaa na kusema, "Sisi ndio wananchi," na, "Pasiwe na matumizi ya nguvu." Hakuna kioo kilichovunjwa wala risasi iliyopigwa. Tarehe 18 Oktoba Erich Honecker aliondolewa madarakani. Tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

4. Kwa nini 1989, si 1953?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Tarehe 17 Juni 1953 watu wa nchi hiyo hiyo, Leipzig ikiwamo, waliingia barabarani kwa ujasiri usiopungua ule wa 1989. Vifaru vya Kirusi viliwakandamiza, makumi ya watu wakafa, na utawala ukadumu miaka 36 zaidi. Tena mwezi Juni 1989 wanafunzi wa Beijing waliuawa, na bunge la Ujerumani Mashariki likaiunga mkono serikali ya China.

Tofauti haikuwa wingi wa watu peke yake. Mwaka 1989 Gorbachev hakuwa tayari kutuma majeshi. Hazina ya nchi ilikuwa taabani. Ndani ya chama wenyewe walitilia shaka amri zao. Maandamano hayakuzileta hali hizo. Yalizikuta, yakaudhihirisha udhaifu ambao watawala waliuficha. Lakini hali hizo zisingetosha kama mtu mmoja angerusha jiwe, kwa kuwa askari walingoja sababu tu. Nidhamu ile haikuzaliwa jioni moja. Ilifundishwa kwa miaka saba, Jumatatu baada ya Jumatatu, hata pale walipokuwa wachache.

5. Kutoka barabarani hadi mezani

Barabara yaweza kuangusha, lakini haiwezi kutunga sheria. Tarehe 7 Desemba 1989 wajumbe wa serikali na wa upinzani waliketi mjini Berlin katika nyumba ya kanisa iitwayo kwa jina la Dietrich Bonhoeffer, na watumishi wa makanisa wakayaongoza mazungumzo. Meza hiyo ndiyo iliyoandaa njia ya uchaguzi huru wa tarehe 18 Machi 1990.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Umoja ulioongozwa na chama cha CDU ulipata karibu asilimia 48. Bündnis 90, walimokuwamo wengi wa wale waliotangulia kuhatarisha maisha yao, ulipata asilimia 2.9. Baadaye viwanda vilifungwa, na makanisa yaliyofurika hayakubaki yamejaa. Waliopanda hawakuwa wavunaji. Hata hivyo mabadiliko yalikuwa ya kweli, maana wananchi sasa waliweza kuwachagua watawala na kuwaondoa.

6. Hitimisho

Jibu letu, basi, ni kwamba maandamano yaweza kuleta mageuzi ya kweli pale yanapotanguliwa na malezi, yanapolindwa na nidhamu, na yanapofuatwa na meza ya mashauri. Yakikosa hayo, mara nyingi huishia katika damu, au katika kubadilishana watawala tu.

Mchungaji hakuitwa kuwa jemadari wa barabarani. Lakini Warumi 13 haimpi ruhusa ya kufunga mlango. Führer hakuwaamuru watu waandamane. Aliwafungulia, akawahubiria Mahubiri ya Mlimani, na baada ya muungano akawakaribisha katika kanisa lile lile waliopoteza kazi. Swali tunaloachiwa si kama siku kubwa itakuja. Ni kama sharika zetu zinawalea sasa watu wawezao kushika mshumaa siku hiyo bila kuokota jiwe.