Chupa ya kijani

Kabla gari la wagonjwa halijaanza kupanda vilima vya Itaba, mkoani Gitega, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji. Wanaume wa kilima walipokezana mabegani hadi kituo cha afya na hapakuwa na malipo. Leo kwako, kesho kwangu. Ukiniuliza chama cha kwanza cha kuhudumia wagonjwa katika nchi hii ya milima, nitakutajia hicho, japo hakikuwa na katiba wala muhuri.

Lakini ingobyi humfikisha mtu pale tu palipo na tiba, na tiba ya saratani ilikuwa mbali. Kwa miaka mingi Burundi haikuwa na mashine ya mionzi. Aliyeihitaji ilibidi avuke mpaka, na mwenye nacho alipanda ndege hadi India. Wengi hawakwenda kokote. Historia hii ni ya hao waliobaki kitandani kwao.

Inaanza mwaka 1967, kwa milango miwili iliyofunguliwa karibu wakati mmoja. Mwezi Julai, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua London hospisi ya St Christopher's, nyumba ya wagonjwa wasioweza kupona. Mwezi uliofuata, pale Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo kidogo cha kutibu watoto wenye uvimbe wa taya, ule ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Kampala walitafuta kuponya. London walitafuta kutuliza. Kazi hizo mbili zilichukua miaka 26 kukutana katika mji mmoja.

Aliyezikutanisha ni Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kuwa mtawa na kufanya kazi Nigeria. Alipokuwa Singapore, yeye na wafamasia walitengeneza mofini ya kunywa kwa njia rahisi ajabu: unga wa mofini, maji, dawa ya kuzuia isiharibike, na rangi. Rangi si pambo. Kijani ndiyo hafifu, nyingine zina nguvu zaidi, hivyo hata bibi asiyejua kusoma hawezi kukosea chupa usiku wa manane.

Alipitia kwanza Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, kisha mwaka 1993 akaingia Kampala akiwa na fedha za kuwaweka watu watatu kwa miezi mitatu, pamoja na Land Rover iliyokwisha kutumika. Hospitali ya Nsambya ikawapa pa kuanzia. Ndivyo ilivyozaliwa Hospice Africa Uganda. Mwaka 1998 ilikuwa imefika Mbarara na Hoima.

Kikwazo kikubwa kilikuwa hofu. Mofini ilijulikana kama dawa ya kulevya, na waliosikia jina lake walimwona mgonjwa kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Tena sheria ilimpa daktari kalamu ya kuiandika, ilhali kijijini anayeonekana ni muuguzi. Maumivu ya saratani hayangoji daktari aje Jumatatu. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni: wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, waliruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Kwa maoni yangu hakuna mashine iliyonunuliwa katika ukanda huu iliyofanya zaidi ya karatasi hiyo. Mwaka huohuo, jijini Arusha, kilizinduliwa chama cha Afrika nzima cha huduma shufaa, APCA, ambacho makao yake yako Kampala.

Hata hivyo muuguzi hawezi kujua ni nyumba gani mtu analia. Hilo hujulikana na jirani. Ndiyo maana hospisi ilifundisha watu wa vijijini wanaojitolea: watambue mgonjwa, waite timu, wamwogeshe, waeleze familia ratiba ya dawa, kila baada ya saa nne. Msomaji wa Itaba atawafananisha haraka na abaremeshakiyago wake, wahudumu wa afya wa jamii ambao hupita kaya kwa kaya na kujua nani hajaonekana shambani wiki hii.

Na chupa? Mara nyingi mgonjwa wa Uganda huja nayo mwenyewe, ile ya plastiki ya maji ya kunywa, imeoshwa na kukaushwa. Mofini haitolewi kwa malipo. Hurudi nayo nyumbani mkobani, kijani kikicheza ndani, pembeni ya sukari na sabuni.