Sapatu ya Bibi: Ua Lililofichwa

Mwaka 1629 John Parkinson, mtaalamu wa dawa na bustani wa London, alichapisha kitabu kikubwa cha maua. Ndani yake alimtaja kwa heshima mwanamke mmoja wa kaskazini ya Uingereza, Bi Thomasin Tunstall, aliyekuwa na mapenzi makubwa na mimea, na ambaye mara nyingi alimpelekea mizizi ya ua adimu lililoota katika msitu uitwao Helks, karibu na mlima wa Ingleborough. Mizizi hiyo, asema Parkinson, ilichanua vizuri katika bustani yake. Shukrani hizo ni za adabu na za kweli. Lakini anayezisoma leo, akiyajua yaliyofuata, huuona humo mwanzo wa msiba. Aliyeling'oa ua lile hakuwa adui yake. Alikuwa mpenzi wake.

Ua lenyewe ni la jamii ya okidi. Lina petali nyembamba za rangi ya damu ya mzee, zilizojisokota kama utepe, na katikati hukaa kifuko cha manjano kilichofumbata, chenye umbo la kiatu. Wazee wa Ulaya walikiita kiatu cha Bibi Mariamu. Linnaeus, alipoyapa mimea majina ya Kilatini mwaka 1753, alikitoa mguuni kwa Mariamu akamvisha Zuhura, mungu wa mapenzi wa Wayunani: Cypripedium calceolus. Waingereza wamebaki na Bibi tu, bila ya kusema ni yupi. Nilipotafuta namna ya kulisema jina hilo kwa lugha yetu, kubadhi lilikataa, kwani kubadhi liko wazi na ua hili limefunika vidole. Sapatu, neno tulilorithi kwa Wareno, lilikaa bila ya kulazimishwa.

Sapatu hiyo ni hila. Nyuki wadogo wa mwituni huvutwa na rangi na harufu, wakatumbukia ndani, wala hawakuti asali. Kuta zake za ndani zinateleza, hivyo mlango wa kuingilia haupandiki. Njia iliyobaki ni tundu dogo la nyuma, na mgeni hulazimika kujipenyeza hapo hadi atoke na chavua mgongoni. Akidanganyika mara ya pili katika ua jingine, mbegu hutungika. Asiporudia kosa, ua limechanua bure.

Kwa karne mbili na zaidi baada ya Parkinson watu waliendelea kuchimba na kuchuma katika misitu ya mawe ya chokaa ya Yorkshire na wilaya jirani. Masimulizi ya huko yanasema maua haya yaliuzwa kwa mafungu katika soko la Settle, kama sisi tunavyouza asumini na vikuba jioni. Tofauti ni kwamba asumini huchumwa leo na kesho mti ukachanua tena. Sapatu hung'olewa na shina lake. Katika karne ya 19 wazimu wa okidi uliwapanda matajiri wa Uingereza, na kila ua lilivyopungua bei yake ilizidi, na bei ilivyozidi ndivyo lilivyopungua. Mwaka 1917 lilitangazwa kuwa limetoweka nchini humo.

Mwaka 1930 likaonekana. Ulikuwa mmea mmoja, katika bonde moja la Yorkshire, na aliyeuona hakuwa profesa. Hapa ndipo historia hii inaponigusa zaidi, kwa sababu waliojua walinyamaza. Hawakuandika gazetini, hawakuuchora ramani. Habari ilipita kwa wachache walioaminiana, na kwa miaka mingi mmea huo ulilindwa kila msimu wa kuchanua na watu waliokaa zamu karibu nao. Kuanzia mwaka 1970 palikuwa na kamati maalumu, na kwa kuwa nyuki hawakutosha, binadamu walihamisha chavua kwa mikono yao. Mwaka 1975 sheria ilikataza kuung'oa. Nathubutu kusema kwamba kimya kilifanya zaidi kuliko sheria.

Kulinda si kuzidisha, hata hivyo. Mbegu za okidi ni vumbi tupu. Pumzi ya mtu hutosha kuzitawanya. Hazina akiba ya chakula kama kunde au mahindi, na zikianguka mahali pasipo na kuvu wa kuzilisha hazioti. Siri hiyo ilifumbuliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kuwa okidi zinaweza kuoteshwa bila ya kuvu, ndani ya chupa safi, juu ya ute uliotiwa sukari. Ute huo hutokana na mwani, ingawa si mwani ule unaolimwa Paje na Jambiani. Okidi zinazoning'inia mitini zilikubali. Sapatu, iliyo ya ardhini, ilikataa kwa muda mrefu.

Mradi wa kuikubalisha ulianza mwaka 1983 katika bustani ya Kew, kwa fedha za familia ya Sainsbury. Walichojifunza ni kutosubiri: mbegu huchukuliwa zingali mbichi, kabla ganda lake halijakauka na kuwa gumu, zikawekwa chupani gizani. Miche ya kwanza ilirudishwa porini mwaka 1989. Mingi ilikufa, mingine ililiwa na konokono. Mmoja ulichanua mwaka 2000, miaka 11 baadaye.

Wapo waliouliza faida, maadamu ua hilihili lingali linaota Skandinavia na Siberia. Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingine. Ni kama kusema Kitumbatu na kife, maana Kiunguja kipo.

Wala tusidhani kwamba okidi zote huuawa na sifa. Katika uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, adui ni chungu. Viazi vya okidi za huko vilichimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, kitoweo kinachopendwa sana. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na ni nadra hifadhi ya namna hiyo kuanzishwa kwa ajili ya maua badala ya wanyama. Pale siri isingefaa kitu: wachimbaji waliyajua mabonde hayo kuliko walinzi, na walichimba kwa shida, si kwa anasa. Thomasin Tunstall hakuwa na udhuru huo.

Mwaka 2024 wahifadhi wa Yorkshire walitangaza kwamba wameona mche mchanga wa sapatu uliojiotea wenyewe, si wa chupa, kutokana na mimea iliyorudishwa porini. Walieleza furaha yao kwa urefu. Mahali penyewe hawakupataja.