Mzee wa Hamburg na Wapagazi wa Chiwata

Tarehe 9 Machi 1964 alifariki dunia mjini Hamburg mzee wa miaka 93, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa jemadari wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mazishini walikuwapo askari wawili wa zamani, walioletwa kwa ndege kutoka Afrika Mashariki wakiwa wageni wa serikali, na hotuba ya kumuaga marehemu ilitolewa na Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani ya Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, katika milima ya Usambara. Visiwani watu walikuwa na mengine ya kuwashughulisha: Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miezi miwili. Pengine hakuna aliyejua kwamba amekufa mtu ambaye, kwa kalamu yake, ndiye aliyewafundisha Wazungu jinsi ya kuikumbuka vita iliyopiganwa Kusini.

Katika kumbukumbu hizo limo jina la Chiwata.

Chiwata ipo ukingoni mwa uwanda wa Makonde, baina ya Masasi na Newala. Kabla ya vita palikuwa na kituo cha wamisheni wa Kianglikana wa UMCA, na bonde lake lilisifika kwa chakula. Huko juu uwandani mambo ni mengine: vichaka vimefungamana, na maji ni haba hata wenyeji wamezoea kushuka mabondeni kuyateka. Katika karne ya kumi na tisa vichaka hivyo viliwaficha watu wasifikiwe na wavamizi wa Kingoni. Mwaka 1917 havikumficha mtu. Wareno walikuwa wamekwisha kuvuka Ruvuma mwaka uliotangulia, wakaishika Newala, kisha wakafukuzwa na Wajerumani. Sasa Waingereza walikuwa wanateremka kutoka kaskazini na kutoka pwani ya Lindi.

Mwezi wa Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, kwa siku nne, vita vikali kupita vyote vya kampeni ile. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa askari wa Kiafrika, na Wanaijeria miongoni mwao. Wajerumani walihesabu kwamba wameshinda. Lakini ushindi huo uliwamalizia risasi. Walirudi nyuma hadi Chiwata wakiwa na majeruhi wengi, dawa ya kwinini ikikaribia kwisha. Katikati ya Novemba Chiwata nayo ikaanguka. Hapo karibu, penye Nambindinga, jemadari alikata shauri ambalo baadaye alilieleza kuwa zito kuliko mengi: wagonjwa, majeruhi na wote wasioweza mwendo waachwe wachukuliwe na adui. Mamia ya Wazungu na mamia ya askari wakabaki. Wenye nguvu wakashika njia ya Kitangari na Newala, na tarehe 25 Novemba wakavuka Ruvuma karibu na Ngomano: Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi wapatao 3,000. Nyuma yao walifuata wanawake na watoto wa askari.

Wakati huo huo chombo cha ajabu kilikuwa angani. Tarehe 21 Novemba meli ya hewa L59 iliondoka Jamboli, katika Bulgaria, ikiwa na tani 15 za dawa, risasi na vifaa vingine, ikikusudia kutua katika uwanda wa Makonde. Haikutarajiwa kurudi: hata nguo ya mwili wake ilikusudiwa ishonwe mahema. Ilipofika Sudani, magharibi ya Khartoum, ikaitwa kwa simu ya upepo irejee, kwani uwanda haukuwa tena mikononi mwa Wajerumani. Ilirudi ilikotoka baada ya saa 95 hewani. Kisa hiki wapenda ndege hukisimulia mpaka leo, na ni kisa kizuri. Ila yafaa kuuliza: ilhali Berlin iliweza kufikiria kupeleka dawa kutoka Bulgaria, nani alifikiria mpagazi aliyebeba sanduku la dawa hiyo hiyo kutoka Mahiwa hadi Chiwata?

Lettow-Vorbeck alijisalimisha Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, baada ya kusikia kwamba Ulaya vita vimekwisha. Machi 1919 aliingia Berlin kwa gwaride, akashangiliwa kwa kuwa hakushindwa. Mwaka 1920 alitoa vitabu viwili vya kumbukumbu mjini Leipzig, kimoja kikiwa cha vijana, chenye jina la Kiswahili nusu: Heia Safari! Mwaka huo huo aliunga mkono maasi ya Kapp dhidi ya serikali ya jamhuri, na jeshi likamwondoa. Tangu hapo akawa mstaafu mwenye siasa. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikaa katika bunge la Berlin kwa chama cha wahafidhina, DNVP, kisha akakihama alipokosana na uongozi wake.

Siasa yake na kumbukumbu zake vilikuwa kitu kimoja. Mkataba wa Versailles uliwanyang'anya Wajerumani makoloni yao kwa hoja kwamba hawakustahili kuwatawala wengine. Wahafidhina walijibu kwa kumwonesha askari mtiifu: kama Mjerumani alikuwa mtawala mbaya, kwa nini Mwafrika alimfuata miaka minne mpaka mwisho? Hivyo kila mwendo wa usiku uliosimuliwa katika vitabu vile ulikuwa ushahidi katika kesi ya kudai makoloni.

Ushahidi huo una kasoro. Wataalamu wa siku hizi, hasa Michelle Moyd katika kitabu chake cha 2014, wameonesha kwamba askari walikuwa na hesabu zao: mshahara, heshima, wake na watumishi, cheo cha mtu mkubwa kijijini. Hesabu ilipoharibika, wengi walitoroka. Na mpagazi hakuwa na hesabu yoyote. Alikamatwa kijijini mwake akatwikwa mzigo. Dakta Ludwig Deppe, aliyefuatana na jeshi hilo hilo, alikiri katika kitabu chake cha 1919 kwamba walikopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Haya aliyaona mtu wa upande wao, wala si adui. Jemadari aliyajua pia, maana chakula cha watu wake kilitoka katika maghala hayo. Katika masimulizi yake kinaitwa posho.

Si kwamba upande wa pili ulikuwa na huruma zaidi. Wapagazi wa Waingereza waliokufa hukisiwa kupita 90,000, na Waunguja wamo: mwaka 1916 Askofu Frank Weston mwenyewe aliongoza wapagazi wa Zanzibar bara. Dar es Salaam walipewa ukumbusho bila kukusudiwa: kambi yao, ile ya Carrier Corps, ikawa Kariakoo. Sanamu ya shaba ya 1927, iliyo katikati ya mji, ina umbo la askari na bunduki yake.

Vita vya Maji Maji vilimpata Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, akavitungia utenzi. Kwa vita vya 1917 sauti iliyovuma ni ya mzee wa Hamburg.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi kuitazama nchi. Wana wake wawili walikuwa wameuawa katika vita vya pili, na nyumba yake ya Bremen imebomolewa kwa mabomu. Dar es Salaam askari wazee walimlaki, na hapana sababu ya kulidharau pendo lao, wala machozi ya mzee aliyefiwa. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, mwalimu kijana aitwaye Julius Nyerere alichaguliwa rais wa chama cha TAA. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1955.

Mwaka aliokufa, bunge la Bonn liliamua kuwalipa askari waliokuwa hai mishahara yao ya vita. Wazee walitokea, wengine bila cheti chochote. Wapagazi hawakuwamo katika uamuzi huo.