Kemron: unga wa kinga uliotoka Mbagathi

Jijini Nairobi, ukitoka Jamhuri kwa Barabara ya Ngong kuelekea mjini, kwenye mzunguko wa mochari ya jiji unapinda kulia kuingia Mbagathi. Huko ndiko iliko KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 1979, na huko ndiko Kemron ilikotoka mwaka 1990. Rais Moi mwenyewe aliitangaza kuwa dawa ya UKIMWI.

Ndani ya Kemron mlikuwa na interferoni. Hii ni protini, mnyororo wa asidi amino, ambayo seli iliyovamiwa na virusi huitoa kuwatahadharisha majirani. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Kufikia 1986 Marekani ilikuwa imeiidhinisha kutibu saratani moja adimu ya damu, na 1988 ikaruhusiwa kwa wenye UKIMWI waliopata saratani ya Kaposi. Lakini hiyo ilikuwa sindano, mamilioni ya yuniti kwa mara moja, na mgonjwa alitetemeka kwa homa.

Kemron ilipindua hesabu hiyo. Joseph Cummins, daktari wa mifugo wa Amarillo, Texas, alikuwa akiwapa wanyama kiasi kidogo mno cha interferoni kwa mdomo. Dkt. Davy Koech wa KEMRI akaichukua fikra hiyo, akatumia interferoni ya kampuni ya Hayashibara ya Japani: unga wa kuyeyushia mdomoni, yuniti mbili tu kwa kila kilo ya mwili. Yeye na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa waliongeza uzito na chembe za kinga zikapanda.

Kasoro ilikuwa moja, na kwangu ndiyo kubwa: hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa unga mtupu. Anayepewa matumaini na kuangaliwa kila siku huanza kula, na akila hunenepa.

Wapo waliowacheka Wakenya, na katika kicheko kile kulikuwa na dharau. Ila Wamarekani weusi nao waliipigania, wakiamini dawa inapuuzwa kwa sababu imetoka Afrika. Jibu la iwapo Kemron inatibu halikutoka Washington peke yake. Kampala, Uganda, Dkt. Elly Katabira na wenzake waliwagawa mamia ya wagonjwa kwa kura, wengine unga wenye dawa, wengine usio nayo, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Majina yalipofunuliwa, makundi yote mawili yalikuwa yakiugua na kufa sawasawa.