Kipenu: jina la kiongezo kisichogusa msingi

Mwambao wa kusini, toka Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, nyumba haibaki kama ilivyojengwa. Watoto wakiongezeka, au mama akitaka jiko lisilolowa masika, ubavuni huegemezwa kipenu: nguzo chache, paa la makuti au bati linaloteremka kutoka ukingo wa paa kubwa, na ukuta mmoja wa kuazima, ule ule wa nyumba. Fundi hachimbui msingi wala habomoi kitu. Mwenye nyumba analala usiku ule ule kitandani pake, na asubuhi ana jiko.

Nataka neno hili lichukuliwe na waandishi wa programu za kompyuta. Wana jambo linalofanana na kipenu sana, na hadi leo wanaliita kwa majina yasiyolikaa vizuri.

Programu ya simu au kompyuta ina uso unaoonekana na kuguswa, ambao istilahi yetu huuita kiolesura. Uso huo hujazwa vifaa vilivyotengenezwa tayari: kitufe cha kubofya, kisanduku cha kuandikia, orodha ya kuchagulia. Kwa jumla huitwa vidhibiti. (Sina raha na jina hilo. Kudhibiti ni kuzuia na kutia mkononi, na kisanduku cha kuandikia hakimzuii mtu. Lakini limeshaenea, nitalifuata.) Kila kidhibiti huja na sifa zake, kama upana, rangi na maandishi yaliyomo, na mbinu zake, yaani kazi kinazoweza kuamriwa: jifute, jifiche, jifunge. Vyote hivyo vimeandikwa na waliotengeneza zana. Mwandishi wa programu anavipokea kama mpangaji anavyopokea nyumba.

Sasa tuwaze meza ya kupokelea pweza Songosongo. Maji ya bamvua yamekupwa, miamba imekuwa wazi, watu wanarudi na mishikaki ya pweza, na karani anapima na kuandika uzito kwenye simu. Kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu pweza aliye chini ya gramu 500. Kisanduku cha kuandikia hakilijui hilo. Kinapokea 480 kama kinavyopokea 4800, na karani akikosea akaandika jina la mvuvi mahali pa uzito, kinapokea pia. Mwandishi wa programu angependa kukiuliza: uzito huu unaruhusiwa? Angependa pia kisanduku kikumbuke pweza huyo katolewa mwamba gani, ili kijiji kikiamua kufunga mwamba kwa muda, kumbukumbu ziwepo. La kwanza ni mbinu, la pili ni sifa. Aliyetengeneza kisanduku hakuyawaza yote mawili, wala hakuwa na sababu ya kuyawaza.

Njia kongwe ya kutoka hapo ni urithi. Unatangaza aina mpya, tuseme KisandukuPweza, inayorithi kila alichonacho mzazi wake na kuongeza vya kwake. Waliotumia Delphi, iliyotolewa na Borland mwaka 1995, waliizoea sana njia hii. Walikuwa wakizaa vidhibiti vipya kutoka vya zamani na kuvipanga kwenye ubao wa zana kama vile vya asili. Neno urithi limelikaa jambo lake, sina la kulibadilisha. Shida ya njia yenyewe ni kwamba visanduku vilivyokwisha kuwekwa kwenye programu havipati kitu. Inabidi uving'oe kimoja kimoja uweke vya ukoo mpya. Na mtengenezaji akipenda, anaweza kufunga aina yake isirithiwe kabisa.

Njia ya pili ndiyo ninayoitafutia jina. Mwaka 2007 lugha ya C#, katika toleo lake la 3.0, ilianza kumruhusu mwandishi aandike mbinu pembeni, kwenye faili lake mwenyewe, na kutamka kwamba mbinu hiyo inakiegemea kisanduku cha kuandikia. Toka hapo, popote faili hilo linapotumika, kila kisanduku huitikia mbinu hiyo kana kwamba kilizaliwa nayo, vikiwemo vile vilivyowekwa kabla. Swift ya Apple ilikuja nayo mwaka 2014. Kotlin, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2016, nayo inayo, na Wakilwa wa Kisiwani huenda wakapenda kusikia kwamba lugha hiyo imepewa jina la kisiwa, kilichoko karibu na mji wa St Petersburg. Dart, ambayo ndiyo huandikiwa programu za Flutter, ikaipata mwaka 2019. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko zote hizo. Smalltalk na Objective-C zilikuwa nalo.

Waandishi wetu wakizungumza wao kwa wao husema ekstensheni. Wanaotafsiri huandika kiendelezi. Neno hilo la pili limeshabebeshwa mzigo: ni jina la kile kinachoongezwa kwenye kivinjari cha intaneti, na ni jina la herufi za mwisho wa jina la faili. Kuliongezea maana ya tatu ni kumchosha msomaji kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja kwa mambo yote matatu. Isitoshe, kuendeleza ni kuchukua kilichoanzwa na kwenda nacho mbele. Waliosoma zamani wanakumbuka mwalimu akisema “endeleza neno hili”, herufi baada ya herufi. Mbinu ya pembeni haiendelezi chochote. Inaegemea.

Kwa muda mrefu mimi nilivutwa na mnyambuliko. Ni fahari ya lugha yetu: pima, pimia, pimisha, pimana, mzizi mmoja na viambishi vinavyoongeza kazi bila kuupoteza. Lakini tazama kinachotokea. Pimisha ni kitenzi kipya, kimebeba mzizi wa pima na kuongeza cha kwake, na pima mwenyewe amebaki alivyokuwa. Huo ni urithi, ndiyo KisandukuPweza ile ile. Nililiacha, kwa masikitiko.

Upanuzi nao una mahali pake, lakini si hapa. Ukitaka kuuona, vuka maji uende Kilwa Kisiwani, ukaingie Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, msikiti ulipanuliwa upande wa kusini, na karne iliyofuata upanuzi huo ukajengwa upya kwa matao na kuba. Pale nyumba yenyewe ilibadilishwa, na kila aliyeingia kuswali aliingia katika msikiti mwingine. Katika lugha ya JavaScript mtu anaweza kufanya vivyo hivyo: akaifungua aina ya asili akaitia mbinu humo humo, ikawa ya kila programu iliyomo katika ukurasa wa tovuti. Maktaba ya MooTools ilifanya hivyo kwa safu, ikazitia mbinu iitwayo flatten. Mwaka 2018 wanaosimamia lugha walipotaka kuleta mbinu rasmi ya jina hilo hilo, ikaonekana tovuti za zamani zitavunjika. Ilitoka mwaka 2019 kwa jina la flat. Hasara ya kugusa msingi wa nyumba ya wengi ni hiyo.

Kipenu hakigusi. Aliye kipenuni haoni yaliyomo chumbani: katika C# na Kotlin, mbinu ya pembeni haifikii siri za ndani za kisanduku, inatumia zile tu zilizowekwa wazi kwa kila mtu. Mwenye nyumba naye akiamua kujenga chumba halisi pale pale, kipenu hakina haki ya kubishana: toleo jipya la zana likija na mbinu yenye jina lile lile, ya ndani ndiyo hutumika, na C# haitoi hata onyo. Anayejua vipenu hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini.

Mahali pamoja mfano unakataa. Kipenu cha nyumba huwekwa kuni na nyavu. Kipenu cha Kotlin au Swift hakiweki akiba. Kinaweza kukokotoa jibu, hakiwezi kushika thamani yake chenyewe. Basi jina la mwamba litunzwe wapi? Vidhibiti vya zana iitwayo Windows Forms vilitoka na mfuko mtupu uitwao Tag, tia upendacho. Zana nyingine, WPF, mwaka 2006 ikaleta utaratibu mzuri zaidi, wa sifa inayotangazwa kwingine na kubandikwa kwenye kidhibiti chochote. Hiyo niiite sifa ya kupachika, kama kiraka au beji inavyopachikwa nguoni.

Kitenzi chake kiwe kuegemeza, na katika maelezo ya programu ya Songosongo karani wa kesho asome hivi: “Kisanduku cha uzito kimeegemezwa kipenu kimoja, jeUnaruhusiwa, kinachokataa chini ya gramu 500, na kimepachikwa sifa moja, mwamba.”